Kwa Nini Kupiga Picha Nyingi Hakukufanyi Mpigapicha Bora

Jumapili alasiri jijini Nairobi hukosi kuwaona vijana waliotundika kamera shingoni, wengine wakipiga picha za marafiki, wengine wakivizia magari na majengo. Wengi wana vifaa vizuri na wameshajaza memori kadi kadhaa. Lakini ukizipanga picha zao za mwaka huu kando ya zile za miaka miwili iliyopita, mara nyingi huoni tofauti. Bidii ipo. Kinachokosekana ni kujua ni kitu gani hasa kilichoiharibu picha fulani, ili kitu hicho kifanyiwe kazi peke yake.

Picha moja hubeba maamuzi mengi yaliyofanywa kwa mkupuo: shata (pazia linalopitisha mwanga) ifunguke kwa muda gani, tundu la lenzi liwe pana kiasi gani, sensa inayonasa mwanga iwekwe kwenye ISO ipi (namba ya wepesi wake wa kuhisi mwanga), fokasi itue wapi, na kidole kibonyeze lini. Kamera ikiachiwa ijiamulie yenyewe, hubadilisha mambo matatu kwa wakati mmoja bila kukuambia. Picha ikitoka nzuri hujui sababu, ikitoka mbaya pia hujui. Picha 1,000 za namna hiyo hazifundishi zaidi ya picha 10.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa fidla katika chuo kimoja cha muziki mjini Berlin. Watu wengi walichokibeba kutoka kwenye uchunguzi huo ni hesabu ya saa 10,000, kana kwamba ukizimaliza saa hizo ustadi unakuja wenyewe. Hoja yenyewe ilihusu aina ya saa. Wanafunzi bora walikuwa wametumia muda mwingi zaidi wakiwa peke yao, wakirudia sehemu mahususi iliyowashinda na kuirekebisha. Kupiga muziki kwa kujifurahisha, hata kwa saa nyingi, hakukuwa na uzito huo. Kwenye kamera ni hivyo hivyo, na bahati njema ni kwamba picha huhifadhi ushahidi wa kosa lake. Kazi ya kwanza ni kujifunza kuusoma.

Ukungu wa picha una aina tatu, na kila aina ina dawa yake

Kioo kidogo cha kamera au cha simu hudanganya, maana karibu kila picha huonekana kali pale. Fungua picha kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, kisha tafuta kitu ambacho hakikuwa kikisogea: kibao cha duka, tofali, kokoto barabarani.

Ikiwa kibao na mtu vyote vimevutika kuelekea upande mmoja, na kila nukta ya mwanga imegeuka kamstari, basi mkono wako ulitikisika. Ikiwa kibao ni kikali lakini mtu amevutika, mtu ndiye aliyesogea. Hapa stendi ya miguu mitatu haisaidii hata kidogo, na watu wengi wameinunua kwa kosa hili. Kinachosaidia ni shata ya kasi zaidi. Na ikiwa hakuna kilichovutika popote, ila kilicho kikali ni ukuta wa nyuma au bega badala ya jicho, fokasi ilitua pasipofaa. Kuongeza kasi ya shata hakutalirekebisha hilo.

Kuna hali nyingine inayofanana na hizi: picha nzima imepauka, taa zimezungukwa na utando mweupe, weusi umekuwa kijivu. Hiyo ni lenzi chafu. Simu inayokaa mfukoni hupata alama za vidole kila siku, na vumbi la Nairobi wakati wa kiangazi halichagui lenzi. Ifute kwa kitambaa laini kisicho na mchanga kabla ya kulaumu kitu kingine chochote.

Kwa kosa la kwanza, la mkono, zoezi ni rahisi na linachukua dakika ishirini. Simama mita tano kutoka kwenye kibao chenye maandishi madogo. Weka lenzi kwenye milimita 50 na uzime kizuia mtikisiko. Piga picha kumi kwa 1/125 ya sekunde, kumi kwa 1/60, kumi kwa 1/30, kumi kwa 1/15. Nyumbani, hesabu zilizo kali katika kila fungu. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isiwe chini ya moja kugawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zake, na kwa kamera zenye sensa ndogo unazidisha urefu huo kwa 1.5 (Nikon na Sony) au 1.6 (Canon). Kwa hiyo lenzi ya milimita 200 kwenye Canon ya aina hiyo hudai 1/320. Lakini kanuni ni ya watu wote, na wewe unahitaji namba yako. Kasi ambayo picha nane kati ya kumi hutoka kali ndiyo mpaka wako wa sasa.

Halafu rudia huku ukibadilisha kitu kimoja tu: mkono wa kushoto ubebe lenzi kwa chini, viwiko vibane mbavu, toa pumzi nusu, kidole kiisukume shata taratibu badala ya kuidunga. Wengi hupata stopu moja nzima, yaani huweza kushuka kwa mfano kutoka 1/60 hadi 1/30, kwa mkao peke yake. Ukimaliza, washa kizuia mtikisiko na uhesabu tena, ili ujue ni kiasi gani unategemea mashine. Inafaa pia kulifanya zoezi hili mara tu baada ya kupanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu, kwa sababu mkono wa mtu anayehema ni mkono mwingine kabisa.

Kuukadiria mwanga kabla ya kuinua kamera

Wapigapicha hupima mwanga kwa stopu. Kuongeza stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili, kupunguza moja ni kuukata nusu. Kwenye shata ni rahisi: 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, 1/1000. Kwenye tundu la lenzi namba zinachanganya kidogo, na inabidi zikaririwe: f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Namba inavyokua, tundu linazidi kuwa jembamba. ISO nayo hupanda 100, 200, 400, 800. Ukichukua stopu upande mmoja na kuirudisha upande mwingine, mwanga wa picha haubadiliki. Kinachobadilika ni mtikisiko, kina cha fokasi (eneo linalotoka kali, mbele hadi nyuma), au chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa.

Sehemu nzuri ya kuanzia ni kanuni ya jua kali: tundu f/16, na shata sawa na moja kugawanya kwa ISO. Kwa ISO 100 hiyo ni karibu 1/125 kwa f/16, ambayo ni sawa na 1/500 kwa f/8 au 1/1000 kwa f/5.6. Saa sita mchana kwenye Kenyatta Avenue bila wingu, utaikuta kanuni hii inakaribia ukweli sana. Ukiingia kwenye kivuli cha jengo chenye anga wazi juu yake, mwanga hushuka stopu tatu hadi nne. Ndani ya duka lenye taa za kawaida, hushuka nyingine nyingi, na ISO 100 haifai tena.

Zoezi lenyewe: weka kamera kwenye M, ambapo unaamua kila kitu mwenyewe. Tembea kutoka juani hadi kivulini hadi barazani, na kila unaposimama taja kimoyomoyo shata, tundu na ISO kabla ya kutazama mita ya mwanga ya kamera. Ziweke, piga, kisha angalia histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Ikiwa mlima wake umebanwa ukutani upande wa kulia, umekosa kwa kuzidisha. Ukibanwa kushoto, kwa kupunguza. Andika umekosa kwa stopu ngapi. Mwanzoni kukosa kwa stopu tatu ni jambo la kawaida, na baada ya wiki chache za kukadiria kila siku, hata ukiwa ndani ya matatu bila kamera, kosa hushuka hadi stopu moja. Faida yake huonekana siku ya harusi, bibi arusi anapotoka kanisani kuingia juani: mkono wako unakuwa umeshazungusha gurudumu kabla hajavuka mlango.

Nairobi iko nyuzi moja na ushei kusini mwa ikweta, na hilo lina maana kubwa kwa mazoezi. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi mwaka mzima, kisha hupanda karibu wima, nyuzi 14 au 15 kila saa. Mwanga laini wa dhahabu, jua likiwa chini ya nyuzi sita, hudumu takriban dakika 25 tu. Mafundisho yaliyoandikwa Ulaya huzungumzia saa nzima au zaidi, kwa sababu huko jua huteremka kimshazari. Ukiyafuata hapa utafika wakati mwanga umekwisha. Fika mahali pako kabla ya jua, ukiwa umeshaamua unafanya zoezi gani.

Kuisindikiza matatu

Hakuna zoezi la mitaani linalofundisha mambo mengi kwa pamoja kama kupiga picha ya matatu inayokwenda, gari likitoka kali na mandhari ya nyuma yakiwa mistari. Mbinu ni kuzungusha kamera kwa mwendo ule ule wa gari huku shata ikiwa wazi.

Kwanza hesabu. Matatu inayokwenda kilomita 36 kwa saa husafiri mita 10 kila sekunde. Shata ya 1/1000 ikifunguka, gari linasogea sentimita moja. Kwa 1/500, mbili. Kwa 1/30, sentimita 33. Ukisimamisha kamera na kutumia 1/1000, utagandisha mwendo wote na matatu itaonekana kama imeegeshwa. Ukizungusha kamera kwa 1/30, hizo sentimita 33 zinahamia kwenye majengo ya nyuma, na picha inapata mwendo.

Simama kwenye njia ya miguu yenye nafasi, kama mita 10 hadi 15 kutoka kwa gari, mahali ambapo magari hayasimami ghafla. Sehemu zilizonyooka za Ngong Road zinafaa. Nenda na mwenzako: macho yako yote yatakuwa kwenye kioo, na anahitajika mtu wa kuangalia boda boda zinazopanda njia ya miguu na mikono inayopenda kamera za watu. Elekeza vidole vya miguu mahali utakapobonyeza, yaani pale gari litakapokuwa mbele yako kabisa. Geuza kiuno kulielekea gari linapokuja. Anza kulifuata mapema, angalau sekunde mbili kabla, ukibandika nukta ya fokasi kwenye kitu kimoja, tuseme mlango wa dereva. Kamera iwe kwenye fokasi endelevu, inayofuata kitu kinachosogea, ambayo kamera huiita AF-C au AI Servo. Bonyeza bila kusimama, na uendelee kuzunguka hata baada ya mlio wa shata.

Anza na 1/125, ambayo wengi huiweza siku ya kwanza. Shuka hadi 1/60. Kwa 1/30 utapoteza nyingi, na hapo ndipo pa kujifunzia. Soma makosa. Gari lote limevutika kwa ulalo: mwendo wako haukulingana na wa gari, au ulisimamisha kiuno pale ulipobonyeza, na hili la pili ndilo kosa la kila anayeanza. Maandishi ya ubavuni yana mawimbi ya juu na chini: magoti yanacheza, au unazungusha mikono badala ya kiuno. Sehemu ya mbele ni kali na ya nyuma imefifia: ulibonyeza gari likiwa bado kwenye pembe, kwa sababu ncha mbili za gari lililo karibu hazipiti mbele ya jicho kwa kasi moja. Ngoja hadi liwe mbele yako. Gari ni kali lakini hakuna mistari nyuma: shata ina kasi mno, au nyuma yake ni anga tupu isiyo na cha kuvutika. Chagua ukuta wenye mabango, maduka, miti. Kama lenzi yako ina aina mbili za kuzuia mtikisiko, tumia ile inayotuliza juu na chini pekee, la sivyo mashine itapambana na mzunguko wako.

Kuna tatizo la mwanga ambalo wengi huligundua wakiwa tayari barabarani. Juani, kwa ISO 100, kanuni inakupa 1/125 kwa f/16. Ukitaka 1/30 unahitaji f/32, na lenzi nyingi hazifiki huko, na zinazofika huko hutoa picha laini. Ama ununue kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, ama uchague siku. Na Nairobi inakupa siku hizo bure: kuanzia Juni hadi Agosti, baridi na mawingu mazito hufunika jiji hata mchana. Mwanga wa namna hiyo ni karibu f/5.6 kwa 1/125, yaani f/11 kwa 1/30. Watu huweka kamera kabatini Julai wakisubiri jua. Kwa zoezi hili Julai ndiyo msimu.

Fokasi na mtu anayetembea

Lenzi ya milimita 50 kwa f/1.8 kwenye kamera yenye sensa ndogo, mtu akiwa mita moja na nusu kutoka kwako, huacha sentimita sita au saba tu zikiwa kali. Ukiwa umelenga pua, masikio yamekwisha kupotea. Kwa f/4 unapata takriban sentimita 14. Sasa mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda karibu mita 1.4 kwa sekunde, hivyo hizo sentimita sita huzivuka kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwisha. Ndiyo maana ukibonyeza nusu, fokasi ikafunga, ukangoja atabasamu, kisha ukapiga, jicho halitakuwa kali. Kamera haina ubovu wowote.

Mwombe rafiki atembee kukuelekea kutoka mita 10, mara tano kwa fokasi ya kufunga na mara tano kwa fokasi endelevu, ukitumia nukta moja kwenye jicho lililo karibu nawe. Hesabu macho yaliyo makali. Kisha hamishia kazi ya fokasi kwenye kitufe cha nyuma ya kamera, ili kidole cha shata kiwe na jukumu moja tu, na urudie. Siku chache za kwanza hesabu itashuka, kwa kuwa kidole gumba hakijazoea. Vumilia hadi wiki ya pili ndipo uamue.

Simu hazina shida hii kwa kiasi hicho kwa sababu sensa yake ni ndogo zaidi na karibu kila kitu hutoka kikali. Ukungu wa nyuma kwenye picha za simu huwa umepigiwa hesabu na programu, na hukosea kwenye nywele, hereni na miwani. Tazama hapo kwanza.

Mita ya mwanga haijui unampiga nani

Mita hudhani kwamba kila inachokiona, kikichanganywa chote, kingekuwa kijivu cha kati. Elekeza kamera kwenye kanzu nyeupe inayojaza fremu, itaifanya kijivu. Elekeza kwenye suti nyeusi, nayo itaifanya kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga angavu ya mchana, mita inaiona anga, inapunguza mwanga, na uso unageuka kivuli. Uso huo huo ukijaza fremu, mita hupandisha mwanga kupita kiasi na ngozi inapauka. Kuna historia pia: kwa miongo mingi maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu hiyo. Kwa kamera za leo, kosa kubwa zaidi hufanywa na anayepima.

Chukua mtu mmoja, mwanga mmoja wa kivulini, na mandhari matatu ya nyuma: ukuta mweupe, lango jeusi, anga. Andika kila mara mita inapendekeza nini. Tofauti ya stopu mbili si ajabu, ingawa mwanga unaomwangukia hukuubadilisha. Baada ya hapo sogea karibu, pima uso peke yake, rekebisha hadi ngozi ionekane kama unavyoiona kwa macho, funga namba hizo kwenye M, na upige mandhari yote matatu bila kuzigusa. Uso utatoka sawasawa katika zote.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli, kwa hiyo inapenda chanzo kikubwa cha mwanga kutoka ubavuni: baraza, mlango mpana, kivuli cha ukuta mrefu. Jua la saa sita, ambalo Machi na Septemba hupita utosini kabisa, hufanya kinyume chake. Paji la uso linapata doa jeupe na macho yanakuwa mashimo. Msogeze mtu hatua mbili ndani ya kivuli, uso ukielekea penye anga, au mwenzako ashike kitambaa cheupe kiunoni kirudishe mwanga juu. Kuongeza mwanga baadaye kwenye kompyuta hakuwezi kuyarudisha macho ambayo hayakuwahi kupata mwanga wa kutosha.

Kubonyeza kabla ya tukio

Tangu jicho lione hadi kidole kibonyeze hupita karibu moja ya tano ya sekunde. Mchezaji wa raga anayekimbia mita 8 kwa sekunde huwa amesogea mita 1.6. Ukibonyeza unapoona tukio, umelikosa. Kupiga mfululizo wa picha nyingi hufunika udhaifu huu bila kuuondoa.

Uwanja wa raga wa RFUEA kwenye Ngong Road ni mahali pazuri pa kulifanyia kazi hili, hasa mechi za kawaida za ligi ambazo hazina msongamano. Omba ruhusa ya kukaa pembeni. Jiweke karibu na kona, nyuma ya mstari wa mwisho, ili washambulizi wakukimbilie. Shata 1/1000, tundu pana kadiri lenzi inavyoruhusu, fokasi endelevu. Dakika kumi za kwanza usipige. Tazama, na utaje kinachofuata: anapiga pasi, anaingia mwenyewe, anapiga teke. Kiuno cha mchezaji husema kweli kuliko macho yake. Ukianza kupatia mara nyingi, zima mfululizo na ujiruhusu picha moja tu kwa kila tukio. Anza na mpira unaporushwa kutoka pembeni na wachezaji kumwinua mwenzao, kwa sababu kwenye kilele cha mruko mwili unakuwa karibu umesimama kabisa. Pale hata 1/250 hutosha, na ukikosa muda utajua papo hapo kama ulikuwa mapema au umechelewa.

Michezo ya ndani ina mtego wake. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/1000 picha moja itakuwa angavu na inayofuata ya manjano na giza, au fremu itakuwa na mistari. Washa kinga ya kupepesa ikiwa kamera inayo, tumia shata ya kawaida badala ya ile ya kielektroniki, na pale mwendo unaporuhusu shuka hadi 1/100.

Na katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, lenzi ndefu hutoa picha laini mchana hata fokasi ikiwa sahihi. Hewa moto juu ya nyasi inatetemeka, na hakuna lenzi inayolitatua hilo. Fanya mazoezi ya umbali asubuhi na mapema, gari likiwa limezimwa, lenzi ikilala juu ya mfuko wa maharage kwenye dirisha.

Unapowafanyia watu mazoezi, waombe. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza faini klabu moja ya burudani na shule moja kwa kuchapisha picha za watu bila idhini. Picha ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi.

Lini utenganishe, lini uchanganye

Kutenganisha kosa ndiyo njia ya kulielewa, lakini ukibaki hapo muda mrefu ustadi unaganda kwenye hali moja. Mwaka 1978 watafiti Kerr na Booth waliwapa watoto kazi ya kurusha vifuko vyenye maharage kulenga shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi kwenye umbali ule ule wa mtihani, lingine kwenye umbali mfupi zaidi na mrefu zaidi bila kuugusa ule wa mtihani. Siku ya mtihani kundi la pili lilifanya vizuri zaidi. Mwili ulikuwa umejifunza kurekebisha.

Kwa hiyo zoezi moja lishikilie kwa wiki mbili hivi, siku nne za nusu saa, badala ya Jumamosi moja ya saa sita ambayo nusu yake unapiga ukiwa umechoka. Likishazoeleka, lichanganye: matatu moja kwa 1/30, inayofuata kwa 1/125, kisha mtu kivulini, kisha matatu tena kutoka upande wa pili, maana kuzunguka kulia si sawa na kuzunguka kushoto. Hesabu itashuka siku hizo. Hilo halimaanishi umerudi nyuma.

Andika kwenye daftari tarehe, hali ya hewa, kitu kimoja ulichokibadilisha, na hesabu ya picha zilizofaulu kati ya kumi. Usifute zilizoharibika kabla ya kuzisoma. Ukifikia nane kati ya kumi mara tatu mfululizo, zoezi hilo limekuwa jepesi mno: shusha shata hadi 1/15, au fungua tundu hadi f/1.8, na utarajie kuanza upya na mbili au tatu.